Utafiti Urudi Kijijini

Wafadhili wetu huuliza: shahada ya uzamivu katika hifadhi ya mazingira inamfaa nini mvuvi wa Msimbati? Tangu mwaka 2000 kijiji hicho kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650. Humo uvuvi na ukataji wa mikoko huongozwa na kanuni. Mtafiti wa uzamivu hutumia miaka mitatu au zaidi akipima mikoko na mazalia ya samaki, na kuzisikiliza kaya zinazoyategemea. Vipimo hivyo vinaweza kumsaidia mwanakijiji kujenga hoja kanuni zinapojadiliwa. Tasnifu ikiishia maktaba, hana cha kushika. Ndugu wanakamati wa parokia, mtafiti akifika mwombeni jambo moja: matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji.