"Hayana Lehemu": Chupa Haisemi Yote

Mgonjwa mmoja alirudi kliniki akiwa amesononeka. Kwa miezi mitatu alikuwa ameacha mayai na nyama, lakini lehemu mbaya katika damu yake ilikuwa palepale. Tulipomuuliza anapikia nini, alijibu bila wasiwasi: "Mawese, daktari. Chupa imeandikwa hayana lehemu."

Maandishi hayo ni ya kweli, ila hayamsaidii. Mafuta ya mimea, yawe ya aina gani, hayana lehemu ya kuhesabika. Lehemu nyingi mwilini hutengenezwa na ini lenyewe. Kinachodhoofisha kazi ya ini ya kuondoa lehemu mbaya katika damu ni hasa mafuta yenye tabia ya kuganda penye baridi. Mafuta ya namna hiyo ni karibu nusu ya mawese, zaidi ya nusu ya samli, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi. Katika alizeti ni takribani asilimia 11 tu.

Kwa hiyo, badili mafuta, kisha yapime kwa kijiko badala ya kuyamimina. Tui la nazi liwe la siku chache, si la kila mlo.

Ongeza maharage, kunde, choroko na bamia. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo utumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kuchukua lehemu kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine.

Trigliseridi, ambayo ni aina nyingine ya mafuta ya damu, hupandishwa zaidi na sukari, soda, pombe, na sahani iliyojaa wali au ugali. Hapo dawa ni kupunguza kipimo, na kula samaki wa kuchemsha au kuchoma.

Wahudumu wenzangu, tusiishie kuuliza "unakula nini?" Tuulize pia: "Lita moja ya mafuta huisha kwa siku ngapi, na mnakula wangapi?" Jibu hilo hufichua mengi.

Vipimo virudiwe baada ya miezi miwili hadi mitatu. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu amebadili chakula; wapo waliorithi tatizo hili, na chakula pekee hakiwatoshi. Lehemu haiumi. Wengi huitambua siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba.