Hasira hii ni ya nani?



Leo hatutazungumza juu ya mikataba ya wakubwa. Tutazungumza juu ya hasira, ile inayoingia nyumbani jioni pamoja na baba au mama.

Tuchukue mfano wa baba mmoja. Kule Masisi alikuwa na shamba la maharagwe na ng'ombe wawili. Alikaa katika kambi moja kandokando ya Goma mpaka kambi zile zilipovunjwa, mwezi wa pili 2025. Tangu hapo analala na watu tisa katika chumba kimoja, kwa jamaa ya mke wake. Asubuhi ametafuta kazi ya kusukuma chukudu, hakupata. Mchana mke wake amerudi kutoka robine na kidumu kitupu. Jioni mtoto anamwaga unga, kiasi cha glasi moja. Baba anampiga, na anaendelea kumpiga hata mke wake anapiga kelele.

Mtoto alikosa glasi moja ya unga. Lakini fimbo aliyopata ilikuwa ya shamba, ya ng'ombe, ya kazi iliyokosekana, na ya yule shemeji aliyeuliza asubuhi: «Mutakaa hapa mpaka lini?»

Katika sheria tungesema mtoto huyo amehukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inakataza jambo hilo katika kifungu cha 17: kosa la jinai ni la mtu binafsi, na hakuna anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa ajili ya tendo la mwingine. Chuoni tulijifunza kifungu hicho kwa ajili ya polisi na mahakimu. Hakuna aliyetuambia kwamba kila mmoja wetu ana mahakama ndani ya moyo, inayokata kesi usiku bila shahidi, na mshtakiwa hayupo.

Basi, kabla ya kulala, fungua mahakama hiyo vizuri. Jiulize: leo ni kitu gani kiliniumiza? Kitaje kwa jina lake: njaa, haya, woga, dharau. Watu wengi husema tu «nina hasira», kumbe ni haya ya kulishwa na wengine. Halafu uliza: nani hasa alikifanya? Na mimi, nilikimwaga juu ya nani?

Swali la «nani hasa» ndilo gumu kuliko yote. Kwetu Kivu tuna neno moja la hatari, neno «wale». Wale walituchomea. Wale ndivyo walivyo. «Wale» hana uso, hana jina, na kwa hiyo yeyote anayefanana nao anaweza kulipa. Tangu vita vya Masisi na Walikale mwaka 1993 tumeona neno hilo linavyofanya kazi.

Siongei kama mtu aliyesimama nje. Miaka kadhaa iliyopita niliacha kununua sombe kwa mama mmoja wa soko, kwa sababu matamshi yake yalifanana na ya watu waliochoma kijiji cha mama yangu. Nilijidanganya kwamba sombe yake ina mchanga. Ilinichukua wiki nyingi kujiuliza mama yule alikuwa wapi siku ile ya moto. Nilipomwuliza, aliniambia alikuwa njiani anakimbia, na mtoto mgongoni. Njia ileile ya mama yangu.

Mtu atasema: mwalimu, unataka tusahau? Hapana. Kujichunguza hakufuti haki. Aliyechoma nyumba yako anadaiwa mbele ya sheria, na anayejua ni nani, siku gani, pahali gani, ana mashtaka yenye nguvu kuliko anayelia juu ya «wale». Andika ukiweza, kama kuandika ni hatari pale ulipo, weka kichwani.

Tena, kujichunguza si kujitafuna. Anayejichunguza anauliza swali, anapata jibu dogo, analala. Anayejitafuna anarudia usiku kucha: ningekimbia mapema, ningemshika mkono yule mtoto. Ukiona umefika hapo, simama, vuta pumzi polepole, ongea na mtu unayemwamini. Akina mama, najua hamuna nafasi ya kukaa kimya. Fanyeni mkitwanga sombe, inatosha.

Machefu, ninyi munaletewa kesi za mashamba na za maji. Kabla ya kukaa barazani, jiulize ni nani kati ya hawa wawili anayenikumbusha mtu aliyenikosea. Ukimpata, mwache aseme wa kwanza, na usimkate maneno. Kama huwezi kumsikiliza, mpe mzee mwingine kiti. Hakuna haya katika hilo. Hata hakimu wa serikali hujitoa katika kesi inayomgusa.

Na yule aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi, anayeshtuka kila mlango unapogongwa, anayekunywa ili asikumbuke, au anayesema afadhali kufa, asiachiwe maswali haya peke yake. Mwili uliokaa muda mrefu katika hatari huendelea kukimbia hata miguu ikisimama. Huo si wazimu wala laana. Mpelekeni kituo cha afya, mtu wa kwao amsindikize, na jirani abaki na watoto mpaka warudi.