Je, Wajua? Maji Mafupi Yaliinyima Bagamoyo Meli, Yakaiachia Samaki

Je, wajua kwamba meli kubwa ya kitalii haiwezi kutia nanga karibu na ufukwe wa Bagamoyo? Maji yake ni mafupi. Yakipwa, mashua hulala ubavu mchangani. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wakoloni wa Kijerumani wahamishe makao yao makuu kutoka hapo hadi Dar es Salaam, kwenye bandari ya kina, mwaka 1891. Leo watalii waliopanda meli hiyo hushukia Dar au Unguja, na kwa kuwa chakula cha melini kimo ndani ya nauli, hurudi kula humo humo. Naona wanapoteza kitu kikubwa.

Bagamoyo samaki hushushwa kwa mikono, hunadiwa hapo hapo, na hatua chache mbele huingia kwenye karai la mafuta yanayochemka. Kipande cha nguru hutoka kimekauka nje, laini ndani, kikaliwa na muhogo, ndimu na pilipili. Jiko linalotegemea majokofu haliifikii ladha hiyo. Wapo wanaohofia tumbo, na hofu yao ina msingi kwa kachumbari na maji. Lakini samaki aliyekaangwa mbele ya macho yako, akaliwa wa moto, ana hatari ndogo, na hata melini virusi vya noro huharisha watu. Pingamizi zito zaidi ni umbali, kilomita 70 hivi kutoka Dar, maana meli haimsubiri aliyekwama kwenye foleni. Basi waondoke mapema, wawahi samaki, na saa saba mchana wawe njiani kurudi.