Uzito Ulioko Juu ya Vichwa Vyetu

Wenyeji wa visiwa vyetu hatuna habari na theluji. Hata hivyo, elimu waliyo nayo watu wa nchi za baridi juu ya theluji inayorundikana mapaani inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Theluji ikianguka huonekana nyepesi kama sufi, na kweli ile mpya iliyo kavu huwa na kilo 50 hadi 100 tu katika mita moja ya ujazo. Ikikaa siku kadhaa hujishindilia ikafikia kilo 200 au 300, na ikinyeshewa mvua huzidi hapo. Kwa hiyo apimaye kina peke yake hudanganyika. Mjuzi huizamisha bomba hadi chini, akaiyeyusha theluji iliyoingia ndani ya bomba lile lile, akapima maji yake: kila sentimita 1 ya maji ni kilo 10 juu ya mita moja ya mraba. Theluji ya kina cha sentimita 60 ikitoa maji ya sentimita 12, basi paa la mita 10 kwa 12 limebeba zaidi ya tani 14.

Kando ya mji wa Katowice, Poland, tarehe 28 Januari 2006, paa la ukumbi lililoachwa na theluji na barafu yake liliwaporomokea watu waliokuja kutazama maonyesho ya njiwa. Walikufa 65. Kule Hartford, Marekani, alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, paa la uwanja lilianguka saa chache tu baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kwenda zao. Theluji ya usiku ule haikufikia uzito ambao paa lilidhaniwa kuuhimili. Kasoro ilikuwamo tangu katika hesabu za ujenzi.

Kanuni ile ya kilo 10 haichagui nchi. Mlizamu ukiziba wakati wa masika, maji ya sentimita 10 yakatuama juu ya dari bapa, kila mita ya mraba imeongezewa kilo 100. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, nalo huwekwa popote fundi apendapo. Tena iko desturi ya kuziba mivujo kwa kumwaga saruji mpya juu ya chokaa ya zamani pasipo kuibandua: sentimita 5 za saruji hazipungui kilo 100 kwa mita ya mraba, wala haziyeyuki jua likitoka. Yote hayo hubebwa na boriti za mikoko zilizokwisha kuzeeka.

Mji Mkongwe ulishuhudia sehemu ya Beit al-Ajaib ikianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hatudai kuwa chanzo kilikuwa dari. Tunalodai ni kwamba kibali cha kukarabati dari kisitolewe mpaka uzito wa tabaka jipya umeandikwa kwa kilo na kutiwa saini na mhandisi, na kwamba maofisa wanaohusika wapande juu ya nyumba hizo kabla ya mwezi wa Machi, milizamu ingali mikavu.