Ndizi, Posho na Maharagwe: Lishe Bora ni Ipi?

Utangulizi

Ukiwauliza wanafunzi wa Kampala saa nane mchana wamekula nini, utapata majibu yanayoshangaza kidogo. Aliyekula chapati iliyoviringwa na mayai, yaani rolex, anaweza kukujibu kwamba hajala chakula bado. Ametuliza njaa tu. Aliyekula ndizi zilizopondwa kwa mchuzi wa karanga atasema ameshiba vizuri. Aliyekula posho na maharagwe huenda akacheka tu, kana kwamba swali lenyewe linamwaibisha.

Majibu hayo yanatokana na mitazamo tofauti kuhusu chakula kinachofaa kuliwa kila siku. Wazee wana mtazamo wao, madaktari wana wao, na mwanafunzi mwenye fedha kidogo mfukoni ana wake. Makala haya yanakusudia kueleza mitazamo hiyo inavyotofautiana na kwa nini. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba ugomvi mwingi hupungua tukiuliza maswali mawili: chakula hicho kinaliwa na nani, na kinaliwa pamoja na nini?

Huenda msomaji akauliza, jambo hili linaihusu vipi idara ya lugha? Linatuhusu kwa sababu mafunzo ya lishe hufika nyumbani kwa maneno, na maneno mengine tunayofundisha darasani husema jambo moja Kampala na jingine Dodoma.

Chakula ni kipi, na mboga ni ipi?

Katika Kiganda, mlo una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni emmere: ndizi za kupika, viazi vitamu, mihogo, magimbi, posho na kadhalika. Sehemu ya pili ni enva, yaani kile kinachoisindikiza: nyama, samaki, maharagwe, karanga au majani. Emmere hujaza sahani, na enva hufuata. Ndiyo maana mla rolex husema hajala. Kwa maana ya Kiganda anasema kweli, kwa kuwa hakula emmere.

Kiswahili nacho kina mgawanyo kama huo. Sehemu nyingi za Tanzania bara, mtu akiuliza "Leo mboga ni nini?" anaweza kujibiwa "dagaa" au "nyama". Mboga hapo ni kitu chochote cha kulia ugali. Pwani neno kitoweo hufanya kazi hiyo, hasa kwa samaki na nyama. Lakini katika vitabu vya afya, mboga huwa ni majani na mazao ya bustani. Basi bango likiandikwa "Kula mboga kila siku", mlaji wa ugali na maharagwe anaweza kuamini kwamba ameshatimiza agizo, ilhali mwandishi alikuwa na mchicha akilini. Kwa sababu hiyo waandishi waangalifu huandika mboga za majani au mbogamboga. Kiganda nacho hutenga kundi hilo kwa jina la enva endiirwa, ambamo mna dodo na nakati.

Mfano mwingine ni ndizi. Kiswahili hutumia neno moja kwa tunda na kwa chakula cha kupika, nasi huongeza maelezo: ndizi mbivu, ndizi mbichi, ndizi za kuchoma. Kiganda kina matooke ya kupika, gonja ya kuchoma, na menvu ambazo ni mbivu. Tena ndiizi kwa Kiganda ni aina moja ya ndizi ndogo tamu. Mwanafunzi Mganda anayesoma kwamba Wahaya hula ndizi mchana na jioni anaweza kuwahurumia bure.

Posho: chakula kilichotoka kambini

Mtu akidai posho Dar es Salaam, anadai fedha za kikao au za safari. Akidai posho Kampala, anadai ugali wa mahindi. Maana hizi mbili zina mzizi mmoja. Posho ni mgawo anaopewa mtu kwa siku au kwa safari. Enzi za ukoloni, askari, wapagazi na vibarua waligawiwa unga wa mahindi, na jina la mgawo likawa jina la chakula chenyewe.

Kwa hiyo posho ilianza ikiwa na harufu ya kambi, na baadaye ikapata ya jela na ya bweni. Wako wanaomaliza sekondari wakiapa kutokugusa tena posho na maharagwe. Kiswahili chenyewe kilidharauliwa Uganda kwa sababu zinazofanana na hizo, kwani wengi walikihesabu kuwa lugha ya askari. Dharau hiyo haikuonyesha ubovu wa lugha, wala dharau ya posho haionyeshi ubovu wa chakula.

Tuitazame sahani yenyewe. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa huwa na protini ya kiasi cha gramu moja tu. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa huwa na gramu nane hadi tisa. Zaidi ya hayo, protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kiitwacho laisini, na maharagwe yana laisini kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huisaidia kuipata. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Kwa upande wa protini, basi, sahani ya bweni inaweza kuizidi sahani ya heshima yenye ndizi nyingi na mchuzi mtupu.

Hata hivyo, unga nao una mjadala wake. Tanzania husema dona kwa unga wa mahindi yaliyosagwa mazima, na sembe kwa unga wa mahindi yaliyokobolewa. Uganda unga mweupe uliokobolewa vizuri huitwa namba moja, nao ndio wenye hadhi. Kukoboa huondoa ganda na kiini cha punje, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini, mafuta na nyuzinyuzi. Pumba huuzwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Wanaotetea dona wana hoja ya kweli. Lakini wanaotetea sembe nao hawakosi la kusema. Dona huharibika mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, na kiini hicho kina faiteti, kemikali inayozuia mwili kufyonza sehemu ya madini ya chuma na zinki.

Mulago: hospitali moja, mitazamo miwili

Mfano mzuri zaidi wa tofauti za mitazamo unapatikana katika historia ya Hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, wakabadilika rangi ya nywele na kubambuka ngozi. Mwaka 1935 aliuita kwa jina la lugha ya Kiga cha Accra: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani mdogo wake anapozaliwa. Kiswahili huuita unyafuzi.

Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi Mulago. Mwaka 1954 madaktari Trowell, Davies na Dean, waliofanya kazi hapo, walitoa kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo. Maelezo yaliyokubalika wakati ule yalikuwa kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa hupewa ndizi au mihogo, vyakula vyenye protini kidogo mno, naye huugua kwa ukosefu wa protini. Dunia ikaamini kwamba tatizo kuu la lishe ni protini, na maziwa ya unga yakasambazwa. Mwaka 1974 Donald McLaren aliupinga mtazamo huo katika jarida la Lancet kwa maneno makali. Leo wataalamu hutaja sababu nyingi kwa pamoja: chakula kisichotosha kwa jumla, mlo wa aina moja, na maradhi ya kuambukiza yanayomrudia mtoto.

Trowell huyohuyo aliona jambo la pili. Watu wazima waliolazwa Mulago karibu hawakuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo uliokuwa ukiwaua watu wa Ulaya. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliripoti mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo, na mgonjwa huyo mmoja alitosha kuwa habari ya jarida la tiba. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966, alikuja kulitafakari jambo hilo pia. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kilichodai kwamba vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi nyingi, huwakinga watu na maradhi mengi ya nchi tajiri. Si kila dai lao lililothibitika, lakini ushauri wa kula nyuzinyuzi umekubalika kote duniani.

Basi chakula cha kijijini, kilichoshtakiwa katika wodi ya watoto, kilikuja kusifiwa na madaktari waliotoka hospitali ileile. Je, nani alikosea? Tukirudi kwenye swali letu la kwanza, jibu huonekana. Mtoto wa miezi kumi na minane ana tumbo dogo. Ndizi zina maji mengi, hivyo humjaza kabla hajapata mahitaji yake. Mtu wa miaka hamsini anayeshinda kitini ofisini ana shida tofauti: anapata nguvu nyingi kuliko anazotumia. Chakula kinachomshibisha mapema huyu wa pili ndicho kinachomnyima yule wa kwanza.

Kitobero

Mwaka 1965 kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kilianzishwa Mulago. Jina lake linatokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutoka kwenye ngozi, yaani mbeleko ya mama yake. Mbali na kumtibu mtoto, kitengo hicho kilimfundisha mama kupika kwa vitu alivyo navyo nyumbani. Chakula kilichopata umaarufu huko ni kitobero, yaani mchanganyiko: ndizi au viazi, maharagwe au karanga, dagaa waliopondwa au nyama, na majani, vyote vikapikwa pamoja kwa mvuke ndani ya jani la mgomba.

Kitobero ni jibu la swali letu la pili. Hakikumwambia mama kwamba ndizi ni mbaya, kilimwambia asiziache peke yake. Tena kiliondoa ukuta kati ya emmere na enva, kwani mtoto hawezi kula emmere yote na kuibakiza enva.

Sahani ya kila siku

Kutokana na hayo, mtu anaweza kupanga mlo mzuri bila gharama kubwa. Posho na maharagwe vikiongezewa dodo, na chungwa baada ya kula, vinafanya mlo kamili. Vitamini C ya chungwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo hufanya kinyume, hivyo afadhali isubiri. Mukene, dagaa wa ziwani, huliwa na mifupa yao na hivyo huleta kalisi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina lishe inayogeuka kuwa vitamini A mwilini, hasa vikiliwa na mafuta kidogo. Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa watafiti wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kwa siku, na chumvi isiyofika gramu tano. Wapo wanaosema kwamba kila chakula cha asili ni salama. Waangalie karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu: huota kuvu inayotoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini.

Kwa mwalimu wa Kiswahili

Somo la chakula ni la kawaida kwa wanaoanza kujifunza lugha, na mara nyingi huishia kwenye orodha ya majina. Linaweza kufanya zaidi. Kitenzi -la kinatupa mlo, mlaji, lisha na lishe. Hapo pana somo zuri la uambishaji. Neno utapiamlo wengi hulielewa kuwa njaa, lakini wataalamu wa leo hulitumia pia kwa lishe iliyozidi, yaani unene wa kupindukia. Nazo nyuzinyuzi huitwa pia makapimlo, jina linalozifanya zionekane takataka. Waulizeni wanafunzi ni jina lipi wangeliweka kwenye bango, na kwa nini. Kisha wapeni kazi ya kuandika bango moja kwa msomaji wa Kampala na jingine kwa wa Dodoma, bila kutumia neno mboga peke yake.

Hitimisho

Ndizi, posho na dona vyote vina watetezi na wapinzani, na kila upande una ukweli wake kwa mlaji fulani. Hukumu hutegemea umri wa mlaji, kazi yake na vinavyokaa kando ya chakula hicho kwenye sahani. Mwanafunzi akijua kuyaeleza hayo kwa Kiswahili kinachoeleweka nyumbani kwao, atakuwa amefaulu somo letu, na huenda mdogo wake akanufaika pia.