Popo naye apewe haki yake

Mwaka uliopita nilialikwa katika shule moja ya msingi huko Pwani niwazungumzie wanafunzi juu ya methali. Nilipofika nilikuta uwanja umetanda moshi. Vijana walikuwa wamelipwa wawafukize popo waliokuwa wakiishi chini ya paa la darasa. Wengi walikuwa wameanguka sakafuni, na baadhi yao walikuwa wangali wamekumbatia vitoto visivyo na manyoya. Mvulana wa miaka kumi hivi akaniuliza, "Mwalimu, hawa ni ndege au ni wanyama?" Nilimwonyesha kitoto kilivyong'ang'ania ziwa la mamake, nikamwambia, "Ndege hanyonyeshi." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wamekosa nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kosa la kwanza, kwa maoni yangu, ni letu sisi wasemaji. Kiswahili cha kawaida kina neno moja tu, popo, na neno hilo limebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi. Duniani kuna zaidi ya aina 1,400 za popo, yaani takriban aina moja katika kila tano za wanyama wanyonyeshao. Kenya peke yake ina zaidi ya aina 100. Wamo wanaokula matunda, wamo wanaoramba maji matamu ya maua, na walio wengi hula wadudu. Wanaokunywa damu ni aina tatu tu, nao huishi katika bara la Amerika, si hapa kwetu. Neno moja linapowafunika wote, kosa la mmoja huwa kosa la wote.

Aidha, twasema kwamba popo ni kipofu. Si kweli. Popo ana macho, na wengi miongoni mwa wala matunda huongozwa na macho na pua. Wala wadudu hutoa sauti kali ambazo masikio yetu hayazipati, wakasikiliza mwangwi wake. Yuko pia mla matunda aishiye mapangoni ambaye hupiga vidoko vya ulimi ili ajue ukuta uko wapi gizani. Mimi mwanaisimu sikuweza kusoma habari hizo nisiwakumbuke Wadahalo wa upande wa Lamu, ambao lugha yao ina vidoko na wasemaji wake wamesalia wachache mno. Nimejifunza kwao jinsi kitu cha thamani kinavyoweza kutoweka kimyakimya, majirani wakiwa hawana habari.

Tumwangalie mbuyu. Ua lake hufunguka magharibi, jeupe, likining'inia kwa kikonyo kirefu, na hunyauka baada ya usiku mmoja. Mgeni anayelitarajia ni popo, ambaye hutoka ua hadi ua huku amebeba chavua usoni na kifuani. Mwaka 2022 tulipiga kelele, na kwa haki, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia. Sikumbuki kumsikia yeyote katika mjadala ule akimtaja popo. Tuliutetea mti, tukamsahau mkunga wake.

Hata hivyo, sitaki kumpamba popo kwa sifa zisizo zake. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, watu wawili waliougua homa ya Marburg wakafa walikuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon. Baadaye wataalamu walivipata virusi vya ugonjwa huo katika miili ya popo wa mapangoni nchini Uganda. Hatari ipo.

Swali ni je, dawa yake ni kuua? Jibu limo katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Wachimba madini walipoambukizwa mwaka 2007, popo wa mgodi ule waliangamizwa. Kufikia mwaka 2012 popo wachache walikuwa wamerejea, na kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa kimezidi maradufu ya kile cha awali. Mwaka huohuo ugonjwa ulizuka tena katika eneo hilo. Moto ulikuwa umechochewa na wale waliodhani wanauzima. Kinga yenyewe haina gharama: tusiingie mapangoni ovyo, tusiwashike popo kwa mikono mitupu, na tunda lililotafunwa tusilile.

Fauka ya hayo, popo hazai kama panya. Aina nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Anayeua jike mmoja mwenye mtoto amekata mti na mche wake.

Kisiwa cha Pemba kina somo kwetu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, jini aliyetwishwa jina la mnyama huyu, ilikienea kisiwa hicho na kuvuka hadi Unguja. Watu wakalala nje kwa makundi. Lakini katika miaka hiyohiyo ya tisini, wanavijiji wa Pemba walianza kumlinda popo mkubwa mla matunda asiyepatikana popote pengine duniani, ambaye uwindaji na ukataji wa misitu vilikuwa karibu kummaliza. Waliunda vikundi, wakaulinda miti anamolala. Leo popo hao wanahesabiwa kwa maelfu. Waliomwogopa jini hawakumwadhibu mnyama kwa sababu ya jina.

Kwa hivyo nawaomba walimu na wazazi: kabla ya kuwasha moto, subirini vitoto viruke, wote watoke usiku kutafuta chakula, kisha zibeni nyufa za paa. Nasi wanalugha tuingie vijijini tukakusanye majina ambayo Wadigo, Wagiriama na Wapemba huwaita popo wa kila aina, tuyatie katika kamusi na vitabu vya shule. Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Popo giza analo tayari. Lililosalia ni sisi kumpa jina.