Tuzo, Mji na Utani: Maelezo juu ya Mchezo Mmoja wa Kompyuta

Katika vitendawili vya Kiswahili iko desturi ijulikanayo hata na watoto. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wenziwe hujibu "Tega!" Wakishindwa kukitegua, huambiwa watoe mji. Tuseme watu wanategana Nachingwea, na walioshindwa wakasema, "Twakupa Ruangwa." Mtegaji aweza kuukataa, akadai mji mkubwa zaidi, akiukubali, hueleza kwa majigambo jinsi alivyofika huko na kupokewa, ndipo atoe jibu. Hapana aliyepata kitu, wala Ruangwa haikuwatoka wenyewe. Hata hivyo, mji usipodaiwa mchezo huonekana umepunguka.

Desturi hii yafaa kuelezea mchezo mdogo uitwao "Achievement Unlocked", uliotungwa na John Cooney, Mmarekani, mwaka 2008, ili uchezwe ndani ya kivinjari, yaani programu ile ile ifunguayo kurasa za intaneti. Kwanza hapana budi kuijua kawaida unayoitania. Microsoft ilipotoa mashine ya Xbox 360 mwaka 2005, iliweka utaratibu wa kumpa mchezaji tuzo kwa matendo yaliyopangwa, na alama za tuzo hizo zikajumlishwa kwa jina lake kutoka mchezo mmoja hata mwingine. Utaratibu huo ukaenea, na wako waliocheza kwa ajili ya hesabu ya tuzo kuliko utamu wa mchezo wenyewe.

Cooney aliuondoa mchezo, akaziacha tuzo. Yupo tembo wa rangi ya buluu katika chumba kimoja. Akienda kushoto, hupata tuzo, akiruka, tuzo, akifa juu ya miiba, tuzo. Kazi ya mchezaji ni kuzikusanya zote, basi.

Je, mchezo huu ni wa kejeli au wa utani? Tofauti ya maneno haya si ndogo. Kejeli haihitaji ujamaa baina ya achekaye na achekwaye. Utani hausimami pasipo ujamaa huo. Mtani husema msibani neno ambalo mtu mwingine angelisema angelikuwa ametukana. Cooney mwenyewe ni mtunzi wa michezo, na waliomfurahia ni wale wale waliozoea kukusanya tuzo. Kwa hiyo neno "utani" lafaa zaidi.

Uchaguzi wa neno "tuzo" nao wahitaji maelezo. "Zawadi" yaweza kutolewa kwa mapenzi tu, na "alama" ni hesabu. Bali "tuzo" yadai juhudi au ubora. Tembo akipewa zawadi kwa kwenda kushoto, hapana la kuchekesha. Akipewa tuzo, kicheko chapatikana, kwa kuwa heshima ya neno na udogo wa tendo havilingani. Mfasiri atakayechagua neno jepesi ataihifadhi maana, na utani utampotea.

Jambo hili lawahusu pia wakusanyaji wa fasihi simulizi. Lyndon Harries alichapisha vitendawili vya Wamwera, ambao Nachingwea na Ruangwa ni katika nchi yao, mwaka 1947. Mwaka 1950 ikatoka sarufi yake ya Kimwera. Kazi za namna hii ni hazina. Mchezo wa Cooney ulitengenezwa kwa Flash, programu ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Tangu hapo kuucheza ule wa Flash ndani ya kivinjari cha kawaida kwahitaji programu nyingine iigayo ile ya kwanza. Lakini hata atakayefaulu kuufungua, asipoijua kawaida ya mwaka 2005, ataona tembo chumbani tu. Vivyo hivyo, yafaa akusanyaye vitendawili aandike pamoja na swali na jibu ule mji uliotolewa, ulivyokataliwa na majigambo yaliyofuata. Akiviacha, watakaosoma baadaye watapata vitendawili vyote, wala hawatajua namna ya kuvicheza.